Tulichangia Dawa, Tukasahau Nauli

Kwa kawaida kwenye ukurasa huu tunakueleza vile utarudisha pesa uliyotuma kwa namba isiyo yake, au vile utajua ujumbe wa mkora. Leo nataka tusome taarifa ya akaunti pamoja. Iko na kurasa sita. Ni ya Paybill ya harambee tuliyofungua kwa ajili ya mjomba wangu anayeishi Ziwani, baada ya kuambiwa ana saratani ya mapafu na kwamba daktari anapendekeza imunotherapi, yaani tiba inayoamsha kinga ya mwili wenyewe ipigane na saratani.

Upande wa pesa zilizoingia unapendeza kuusoma. Kuna soo mbili za jamaa wa kuosha magari. Kuna elfu tano za mtu ambaye hadi leo hakuna anayemjua. Kuna shilingi hamsini zinazoingia kila Jumapili jioni kutoka kwa shosho wa nyumba ya pili. Sasa njoo upande wa zilizotoka. Kwa miezi mitatu ya kwanza kuna neno moja tu linalorudiwa: dawa. Hakuna nauli. Hakuna chakula. Hakuna vipimo vya damu. Hakuna hata shilingi ya krediti ya kumpigia nesi. Mimi ndiye nilikuwa mweka hazina, na wakati huo niliionea fahari hiyo taarifa. Niliituma kwenye grupu kila mwisho wa mwezi, nikifurahi kwamba hakuna senti iliyotumika vibaya.

Nusura mjomba afe kwa sababu ya usafi huo wa hesabu.

Kikohozi cha Kamukunji

Ziwani iko pale kati ya Kariokor na Starehe Boys. Ni nyumba za baraza la jiji za enzi za ukoloni, zimekaa mlango kwa mlango, na mtu akikohoa usiku jirani anajua ni nani. Mjomba amefanya kazi ya jua kali Kamukunji kwa zaidi ya miaka thelathini: masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, majiko, karai, milango ya chuma. Kikohozi chake tulikichukulia kama sehemu ya kazi, kama vile makovu ya mikono yake. Kilipokataa kuisha na suruali zikaanza kumpwaya, kliniki moja ikamwanzishia dawa za TB.

Hiyo si hadithi ya mjomba pekee. Utaisikia kwa wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu hapa Kenya, kwa sababu magonjwa haya mawili yanafanana sana: kikohozi kisichoisha, kukonda, uchovu, wakati mwingine damu kwenye makohozi. TB ni nyingi kwetu, kwa hivyo ndiyo inashukiwa kwanza, na mara nyingi ni sawa kuishuku. Lakini kama umemeza dawa za TB kwa wiki kadhaa na huoni nafuu yoyote, rudi uulize tena. Usingoje dozi iishe ndio uulize, vile sisi tulingoja.

Baadaye skani ikaonyesha uvimbe, kinyama kikakatwa kikapimwa, na jina la ugonjwa likabadilika. Na swali likaanza: "Kwani alikuwa anavuta?"

Tulilisikia kanisani, kwenye grupu, hata kwa wakala aliyekuwa akituhesabia pesa. Ndio, alivuta akiwa kijana, akaacha kabla sijazaliwa. Lakini pia amepumua moshi wa kuchomelea vyuma na wa lori za dizeli maisha yake yote, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani mwaka wa 2012, halafu moshi wa kuchomelea mwaka wa 2017. Nayasema haya kwa sababu ya pesa pia. Mtu anayedhani mgonjwa alijitakia hachangi, au anachanga akinuna, na mgonjwa anajua. Mjomba alijua. Kumbuka hilo, litarudi.

Mlinzi wa geti

Daktari alitueleza imunotherapi kwa mfano wa mlinzi wa geti, nami nitauazima kwa sababu sijasikia bora kuliko huo. Mwili una walinzi, seli za kinga zinazozunguka zikiangalia nani mwenyeji na nani mgeni. Walinzi hao wana breki, la sivyo wangepiga kila anayepita. Saratani ni mwizi aliyeijua siri hiyo. Inamwonyesha mlinzi kitambulisho cha mwenyeji, mlinzi anaketi, mwizi anaingia ndani. Dawa kama pembrolizumabu na nivolumabu zinamzuia mlinzi asidanganywe na hicho kitambulisho, ili aamke afanye kazi yake. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, waliofanya utafiti wa hizo breki, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2018 kwa kazi hiyo.

Si kila mgonjwa inamfaa. Kuna vipimo vinavyofanyiwa kile kinyama kwanza, na vina gharama yao. Na inapomfaa mtu, wengine hupata miaka ambayo zamani hawangeipata, wengine haiwasaidii kitu. Bei yenyewe huhesabiwa kwa laki, si kwa elfu. Mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani liliongeza saratani ya mapafu kwenye matumizi ya pembrolizumabu katika orodha yake ya dawa muhimu. Hiyo inasaidia nchi kujadili bei, lakini orodha haikulipii bili ya kesho.

Kuna jambo ambalo sisi hatukulishika. Mlinzi aliyeamshwa vizuri anaweza kuanza kusimamisha hata mwenyeji anayerudi kutoka kazi ya usiku. Kinga inaweza kuvamia utumbo, mapafu yenyewe, ini, ngozi, viungo, au ile tezi ya shingoni inayoendesha nguvu ya mwili. Inaweza kutokea wiki chache baada ya dozi ya kwanza, au miezi kadhaa baadaye, au hata baada ya kumaliza matibabu. Na tofauti na kemo, hakuna kinachokuonya kwa macho. Mjomba alikuwa akiketi na dripu kwa muda wa nusu saa hivi, mara moja kila wiki tatu, kisha anarudi nyumbani na nywele zake zote kichwani. Jumamosi moja mtu alimwona Kariokor akinunua sukuma wiki, akaandika kwenye grupu: "Kumbe mzee yuko fiti, hizi pesa zetu zinaenda wapi?"

Sikumjibu. Nilituma taarifa ya akaunti tu. Dawa, dawa, dawa.

Paybill, si namba ya Anti

Acha nirudi nyuma kidogo, kwa sababu hii sehemu ndiyo ninayolipwa kuijua.

Harambee ilianza kwa namba ya kawaida ya Anti, mke wa mjomba. Tulitengeneza bango lenye picha ya mjomba, namba yake na jina lake, tukasambaza. Siku ya nne binamu yangu akaona bango lilelile kwenye grupu la mtaa mwingine, picha ileile, maneno yaleyale, namba tofauti. Mtu alikuwa ameketi mahali akabadilisha tarakimu kumi na kuanza kuvuna. Hatukuwahi kujua alipata ngapi. Wiki hiyohiyo Anti akapokea ujumbe wa "Umepokea Sh4,500", halafu simu ya mwanamke akilia kwamba ametuma karo ya mtoto kimakosa, tafadhali rudisha. Anti, kwa vile moyo wake ulikuwa tayari umepondeka, akarudisha. Hakuna Sh4,500 iliyokuwa imeingia. Ujumbe ulikuwa umeandikwa na mtu, haukutoka kwa kampuni. Angeangalia salio lake kwanza angejua, lakini nani huangalia salio mtu akimlilia sikioni?

Namba ya mtu ikiwa kwenye bango la ugonjwa, wakora wanajua vitu viwili: kwamba pesa inaingia, na kwamba mwenye simu amechanganyikiwa. Ndio maana tukahamia Paybill yenye jina la harambee. Anayechanga anaona hilo jina kabla ya malipo kukamilika, kwa hivyo bango lililochezewa linajulikana papo hapo. Kutoa pesa kunahitaji watu wawili wakubali, mmoja awe si wa familia. Sisi tulimchagua mwalimu mmoja mstaafu ambaye hakuna mtu Ziwani anayeweza kumdanganya. Taarifa inatoka yenyewe, sio mimi ninayeiandika. Na kuna suala la vipimo: laini ya kawaida haibebi zaidi ya Sh500,000 kwa wakati mmoja, na hutumi zaidi ya Sh250,000 kwa mara moja. Harambee ya tiba kama hii inaweza kugonga huo ukuta siku moja kabla ya kulipia dozi.

Basi tukawa na Paybill safi, mweka hazina safi, taarifa safi. Ungetuona tungekuwa mfano kwenye ukurasa huu.

"Ile ni ya watu"

Baada ya dozi ya tatu, siku ya Jumatano usiku, mjomba alinitumia ujumbe. Nimeuhifadhi. "Mpwa wangu, nikopeshe 150 mpaka Ijumaa. Usitoe kwa ile ya watu."

Nilituma. Sikuuliza. Mia moja hamsini ni pesa gani? Ijumaa akaomba nyingine. Jumatatu akaomba tena, na safari hii nikampigia, nikamuuliza kwa mzaha kama ameanza kubashiri mechi. Akacheka kidogo, halafu akanyamaza, halafu akasema ni tumbo. Amekuwa akienda msalani tangu wiki iliyopita. Mara ngapi? Hakuwa amehesabu. Usiku uliopita, labda mara saba. Anti alikuwa ameambiwa ni maharagwe. Zile mia moja hamsini zangu zilikuwa zikienda kwa duka la dawa, kununua vidonge vya kufunga tumbo, na siku moja antibayotiki bila kupimwa chochote.

"Kwa nini hukuniambia? Pesa iko, Mjomba."

"Ile ni ya watu. Walitoa ya dawa. Nikiitumia kwa teksi watasema nini? Si tayari wanauliza kama nilikuwa navuta."

Nikapigia nesi wa kitengo cha saratani. Hakuuliza mambo mengi. Aliuliza anaenda mara ngapi kuliko kawaida yake, kama kuna damu, kama anaweza kunywa maji. Kisha akasema: mlete leo, na mwambieni yeyote mtakayemkuta mlangoni kwamba anatumia imunotherapi, msianze na neno "kuhara".

Ilikuwa kinga yake imevamia utumbo. Vidonge vya duka la dawa vilikuwa vimeificha dalili bila kuitibu, na siku nane zilikuwa zimepotea. Uvimbe wa aina hiyo ukiachwa unaweza kutoboa utumbo. Alilazwa, akawekewa maji na steroidi kwa dripu, halafu akarudi nyumbani na prednisoloni za kumeza ambazo zilipunguzwa polepole kwa wiki nyingi. Imunotherapi ikasimamishwa hadi tumbo litulie na daktari aseme.

Prednisoloni, kama hujui, ni vidonge vya bei ya chini kabisa, viko kila mahali. Kilichookoa mjomba kwa wiki ile kilikuwa cha bei ndogo kuliko sahani ya nyama choma ya Kariokor. Usinielewe vibaya: usivinunue mwenyewe, na kama umeandikiwa, usiache ghafla, kwa sababu mwili unakuwa umesahau kutengeneza vyake. Hoja yangu ni nyingine. Tulikuwa na laki kwenye Paybill. Yeye alikuwa amelala umbali wa matatu mbili kutoka hospitali, akikopa mia moja hamsini, kwa sababu mimi na grupu tulikuwa tumeandika juu ya kila shilingi neno "dawa".

Vile tulipanga upya

Mkutano ulifanyika nyumbani kwake, watu kumi na mmoja kwenye chumba cha watu watatu. Nilileta taarifa ya akaunti ikiwa imechapishwa. Mwalimu mstaafu ndiye aliyesema jambo la maana kuliko wote: kwamba sisi tumechangia chupa, hatujachangia mtu.

Tukakubaliana kwamba katika kila shilingi kumi zinazoingia, saba ni za dawa na hospitali, mbili ni za matunzo, moja ni ya dharura. Usichukue hesabu hiyo kama sheria. Hali ya mgonjwa wako ndiyo itaamua. Kwenye Paybill, pale unapoulizwa namba ya akaunti, sasa mchangaji anaweza kuandika DAWA au NAULI, ili aliyetoa ya nauli ajue ilikuwa ya nauli, na mjomba asijisikie mwizi akipanda teksi. Nilidhani hakuna atakayeandika NAULI. Niliwakosea heshima watu wa Ziwani.

Ya matunzo inalipa vitu ambavyo hakuna bango linaloviandika. Nauli ya watu wawili, kwa sababu mgonjwa wa mapafu hatumwi peke yake, na teksi siku ambayo pumzi zimekataa. Vipimo vya damu, maana kabla ya dozi wanaangalia ini, figo, sukari, na mara kwa mara ile tezi ya shingoni. Mayai, maziwa, uji mzito, kwa sababu hamu ya kula inakuja na kwenda. Mashine ndogo ya kidoleni ya kupima oksijeni. Na jambo ambalo kamati ilicheka mwanzoni: siku mbili za kazi ya Anti kila wiki tatu. Anauza viondo Kariokor. Akifunga kibanda kumpeleka mjomba, hakuna anayemlipa, na kodi ya kibanda haijui habari za saratani.

Ya dharura tuliitoa kwenye Paybill kabisa. Sh5,000 zinakaa kwenye laini ya Anti wakati wote, na sharti lake ni moja: haombi ruhusa ya mtu. Akitumia, mimi najaza Ijumaa. Wahasibu mnaosoma hapa mtanishambulia, najua, hakuna risiti. Lakini dharura inayongoja sahihi mbili saa nane za usiku inakuwa matanga.

Na kwenye mlango wa kabati lao kuna karatasi, kwa mwandiko wa Anti mwenyewe, ya mambo ambayo yakitokea anapiga simu siku hiyohiyo: kuhara kuliko kawaida au damu, kikohozi kipya au pumzi zinazozidi kuwa fupi, macho ya manjano au mkojo wa rangi ya chai, vipele vinavyosambaa, kiu isiyoisha na kukojoa sana, kichwa kuuma vibaya au macho kuona ukungu, na uchovu wa ghafla unaomshinda kuinuka. Chini yake ameandika kwa herufi kubwa: SI DUKA LA DAWA KWANZA. Kwa mgonjwa wa mapafu hiyo ya pumzi ni ngumu zaidi, kwa sababu inaweza kuwa saratani yenyewe, inaweza kuwa maambukizi, au inaweza kuwa dawa imewasha uvimbe kwenye mapafu, na matibabu yake ni tofauti. Huwezi kuijua ukiwa nyumbani. Mjomba naye hubeba kadi kwenye pochi inayosema anatumia imunotherapi, na namba ya kitengo, ili hata akianguka Muthurwa anayemwokota ajue pa kuanzia.

Kuhusu PIN. Wiki aliyolazwa, pesa zake mwenyewe za wateja wa Kamukunji zilikuwa zimefungwa kwenye simu yake, naye alikuwa dhaifu, na Anti alibaki akiitazama ile simu kama sanduku lililopoteza ufunguo. Najua mtaani suluhisho ni nini: mume anampa mke PIN. Msimamo wetu kama kampuni ni usimpe mtu yeyote, na si kwa sababu ya kumshuku mkeo. PIN ikijulikana na wawili, siku pesa ikipotea hakuna anayeweza kuthibitisha ni nani. Kilichofanya kazi kwa mjomba ni cha kuchosha kidogo: siku moja kabla ya kila dozi anahamisha ya matumizi ya nyumba kwa laini ya Anti, na bili ya hospitali inalipwa na Paybill ya harambee moja kwa moja, haipiti kwa simu ya mtu.

Kuna SHA pia. Ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na asiye na ajira ya mshahara hulipa asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yake, isiyopungua Sh300 kwa mwezi, ikilipwa ya mwaka mzima kwa pamoja. Kima cha chini basi ni Sh3,600. Kujisajili ni kwa *147#. Mpango ulipoanza, saratani ilitengewa Sh400,000 kwa familia kwa mwaka, na nyingine Sh150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu na dharura. Viwango hivyo hubadilishwa, kwa hivyo uliza kwenye dirisha la SHA la hospitali yako, na uulize hasa kuhusu dawa yako kwa jina. Kama familia yenu inaanza harambee leo na mgonjwa hajalipa SHA, shilingi za kwanza zipeleke huko. Sisi tulikumbuka mwezi wa pili.

Anti

Nimeandika mengi kuhusu mjomba. Anti ndiye aliyenishangaza. Kwenye ule mkutano watu kumi na mmoja walimuuliza mjomba anajisikiaje, na hakuna aliyemuuliza yeye. Baadaye tukiosha vikombe akaniambia halali usiku. Anahesabu pumzi za mjomba. Na wiki ya skani, ambayo huja kila baada ya miezi miwili au mitatu kuangalia kama dawa inafanya kazi, hawaongei kabisa ndani ya nyumba, kila mmoja akimwogopesha mwenzake kwa kunyamaza.

Hiyo haihitaji harambee. Faraja, pale Parklands, wanatoa ushauri kwa wagonjwa wa saratani na wanaowatunza bila malipo. Anti alienda akidhani ni mambo ya watu wa Westlands, akarudi akisema kulikuwa na mama wa Dandora anayehesabu pumzi pia. Na Nairobi Hospice, iliyo kwenye uwanja wa Hospitali ya Kenyatta tangu mwaka wa 1990, husaidia na maumivu, pumzi na wasiwasi hata mtu akiwa bado anatibiwa. Mjomba alikataa katakata kwa sababu ya hilo jina. Kwake hospice ni pa kwenda kufa. Ilibidi nesi amwambie kwamba kuna watu wanaoenda huko Jumanne na kurudi kazini Jumatano. Alienda. Walimfundisha jinsi ya kuketi akiishiwa na pumzi, ameegemea mbele, viwiko juu ya magoti, akitoa hewa polepole kwa midomo iliyobanwa. Hakuna kilicholipiwa hapo ila nauli.

Nauli yenyewe sasa ina mahali pake.

Tumbo lilitulia, daktari akaamua aendelee, na skani ya mwisho ilionyesha uvimbe haujakua. Haujaisha, haujakua. Tumejifunza kulipokea neno hilo. Mjomba huenda Kamukunji asubuhi mbili kwa wiki, hachomelei, anaketi kwenye kiti akiwakosoa vijana vile wanapinda bati. Nikimuuliza kuhusu tumbo ananijibu kwa namba, kama mtu wa benki.

Jumapili iliyopita, saa kumi na mbili na dakika nne jioni, shosho wa nyumba ya pili alituma zile hamsini zake. Kwenye sehemu ya akaunti alikuwa ameandika NAULI.